Hata Mbuzi Hawamfuati

Kasulu,
2 Septemba 1975

Shangazi Maximilla,

Shikamoo. Naitanguliza shikamoo hii haraka, kwa sababu nikianza kufikiri ninayotaka kukuandikia nitaiacha karatasi tupu kama nilivyofanya jana na juzi.

Nilifika salama. Lori la misheni lilikwama kule mlimani, tukashuka tukasukuma, na viatu vyangu sasa vina rangi ya barabara. Homa haijarudi. Mwambie mama karanga zake zililiwa na wenzangu wa bweni kabla mimi sijazionja. Mwambie na Marcel kwamba mpira wake wa matambara nimeukuta ndani ya sanduku langu, sijui aliuficha humo akimkimbia nani, nitaurudisha likizo ya Desemba na asilie.

Sasa, shangazi, kuna jambo ambalo sijamwambia mtu.

Unakumbuka wiki ile niliyokaa Kasanda kwa bibi? Baba alikuwa ametoka kuongoza kwenye Mkutano Mkuu wa Wilaya, wajumbe wamempa kura nyingi kuliko waombaji wenzake wote wa ubunge, na kila mtu Kibondo akimwita mheshimiwa ingawa majina yalikuwa hayajafika hata Dar es Salaam. Bibi yeye hakuelewa sana. Alijua tu kwamba Venanti anataka kwenda kukaa na wakubwa.

Asubuhi moja natoka mtoni, nimejifunga khanga ya bibi, ndoo kichwani, nakuta Landrova ya Chama imesimama penye migomba. Ndani ya ua ameketi Ndugu Katibu, yule mtu wa Tanga, na mama mmoja wa UWT mwenye miwani, na Mzee Hatungimana mwenyekiti wa kijiji. Walisema kabla majina hayajapelekwa Halmashauri Kuu, wanapita kwa wazazi wa waombaji kuuliza mwenendo wao. Bibi unamjua, Kiswahili chake ni "karibu" na "chumvi". Mzee Hatungimana akataka kutafsiri. Yule mama wa miwani akamkatiza.

"Wewe Mwenyekiti si ni mkwe wa Leonidasi? Na Leonidasi naye ameomba. Tutafutie mkalimani asiye na upande."

Mzee Hatungimana akazungusha macho uani, akaniona.

"Huyu binti anasoma sekondari Kasulu," akasema. "Kiswahili chake ni cha redio."

Hakusema ni binti wa nani. Na mimi sikusema. Shangazi, unanijua, nikiulizwa jina langu mbele ya watu sauti huenda mahali pengine. Nilitua ndoo nikakaa pembeni ya mkeka.

Ndugu Katibu akauliza, "Mama, huyu mwanao Venanti ni mtu wa namna gani?"

Bibi akacheka, akapiga makofi yake yale madogo.

"Venanti? Huyo si kitu. Tangu utoto ni mvivu. Maneno mengi, kazi hakuna. Eti mnataka aongoze watu! Mbuzi wangu wenyewe, akiwaita hawamfuati."

Wewe ni mtoto wake, unajua. Ndivyo anavyosema juu yako, na juu yangu nilipofaulu kuja huku aliwaambia majirani kwamba serikali imekosa watoto wa kuchukua. Kwetu nani humsifia mwanawe mbele ya mgeni ambaye hajui kama ana jicho la husuda? Kumsifia ni kumtoa nje bila nguo. Mzee Hatungimana alijua. Alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

Mimi pia nilijua. Na nikatafsiri neno kwa neno.

Niliogopa. Nilifikiri nikilainisha, halafu baadaye wajue mimi ni binti yake, watasema baba alinipandikiza pale nimsemee uongo. Hiyo ni sababu moja, na ni ya kweli. Ya pili naiona haya. Hapa shuleni tunafundishwa kutoa maneno Kiingereza kuyaleta Kiswahili, na mimi huwa nasifiwa, na mwalimu hurudia kila siku kwamba mkalimani haongezi wala hapunguzi. Basi pale uani sauti yangu haikutetemeka. Niliisikia inatoka safi, nikaipenda.

Ndugu Katibu alitabasamu. Yule mama hakutabasamu.

"Hata mbuzi?" akaniuliza.

"Hata mbuzi," nikasema.

Bibi akawapa ndizi mbivu, wakashukuru, wakaondoka. Vumbi lilipotulia akanishika mkono akaniuliza, "Nimemsemea vizuri mwanangu?"

Nikamjibu, vizuri.

Nimwambie baba? Niambie wewe, maana mimi nikikaa peke yangu na jambo hili halinipi usingizi.

Ni mimi mtoto wako,
Immakulata

—

Kibondo,
17 Septemba 1975

Ima mwanangu,

Marahaba, na nyingine ya akiba kwa siku utakayosahau kuamkia.

Huku tu wazima kiasi. Wodi ya watoto imejaa surua, nimesimama mpaka miguu imeniwia kama ya mtu mwingine. Mama yako Odilia amevuna muhogo na analalamika kwamba hakuna wa kumsaidia kumenya, yaani analalamika kwamba haupo. Marcel amekanusha habari ya mpira, anasema ulikwenda wenyewe. Baba yako yuko katika hali ambayo ungeicheka. Anajifunza kuhutubia. Juzi nimemkuta nyuma ya nyumba amesimama mbele ya kuku, mkono mmoja mfukoni, "Ndugu wananchi." Kuku wamemsikiliza vizuri sana.

Kuhusu lile la Kasanda, achana nalo. Watu wa Halmashauri Kuu wana nchi nzima mezani, watapata wapi nafasi ya kusikiliza habari za mbuzi? Wajumbe wameshamtanguliza baba yako, na wajumbe ndio wanaomjua. Hapa hatujasikia neno lolote baya.

Usimwandikie. Narudia: usimwandikie baba yako jambo hilo. Soma vitabu vyako, kula, na dawa ya homa uimalize hata ukijisikia umepona.

Mama yangu nilimwona Jumamosi. Mzima. Anakusalimu, anasema una mikono laini isiyojua kazi. Umesikia, ni salamu.

Shangazi yako,
Maximilla

—

Kasulu,
30 Septemba 1975

Shangazi,

Shikamoo kwako, kwa mama, na kwa baba kama unaweza kumfikishia bila kusema imetoka wapi.

Tulikuwa kwenye uji. Mwalimu Crispin wa siasa aliingia na gazeti akasimama katikati ya bwalo akaanza kusoma majina ya walioteuliwa, mkoa baada ya mkoa, ili tujue taifa letu linavyofanya kazi. Alipofika Kigoma, wilaya ya Kibondo, niliweka kikombe chini. Alisoma jina la Leonidasi, amepewa alama ya jembe. Akasoma jina la mtu mmoja wa Kakonko, amepewa nyumba. Akapinda ukurasa, akaingia Tabora.

Nilidhani amekosea mstari. Baada ya kipindi nilimfuata, na wewe pima ilivyonigharimu kumfuata mwalimu mlangoni. Nikamuuliza kwa sauti yangu hii ya chini, mtu akiongoza kwa wajumbe wa wilaya, inawezekanaje jina lake lisirudi?

Hakukasirika. Alirudi ndani, akachora hata duara ubaoni. "Wajumbe wanapendekeza. Halmashauri Kuu ndiyo inayoteua wawili. Inatazama kura, inatazama na mtu mwenyewe."

"Na aliyeachwa anaambiwa sababu?"

"Hapana. Chama hakina deni la sababu kwa mtu." Halafu akaniuliza, "Kwani unamjua mmoja wao?"

Nikasema simjui.

Niandikie baba yukoje. Usinifiche, shangazi. Najua ukiandika habari za kuku basi kuna jambo.

Ima

—

Kibondo,
12 Oktoba 1975

Mwanangu,

Nimeipata yako, nimekaa nayo. Mvua zimeanza, nyumba ya mama yako inavuja pale pale panapovuja kila mwaka, karibu na kitanda cha Marcel, na Marcel amefurahi kwa sababu analala kwangu. Surua imepungua. Hizo ndizo habari nzuri, nimeziweka juu.

Baba yako alisikia kwenye redio, taarifa ya saa saba mchana. Mama yako alikuwa amepika pombe ya ndizi, si ya sherehe, alisema, ya kunywa tu, lakini mtungi ule haukuwa wa kunywa tu. Majirani walijaa uani. Redio yenyewe betri zimechoka, Marcel anaishikilia juu ya kichwa chake ili ishike. Yakasomwa majina. Lake halikuwamo. Baba yako akamwambia Marcel, "Zima, tusimalize betri." Akachukua kata, akaanza kuwagawia watu pombe kama mtu aliyewaalika kwa hilo. Walikunywa wameinamisha vichwa, wakatoka mmoja mmoja. Wengine hawakuaga.

Siku ya tatu ndipo alipofikiwa na maneno ya mbuzi.

Nitakwambia ukweli ambao sikukwambia Septemba: maneno hayo yalikuwa yamefika hospitali hata kabla sijakujibu barua ya kwanza. Dereva wa Landrova aliyasema sokoni kwa kuchekesha watu. Nilitumaini yataishia hapo. Sasa baba yako akipita kwa baiskeli kuna vijana wanalia kama mbuzi nyuma ya vibanda.

Hakumkasirikia mama yangu. Alisema, "Mama alisema kama mama anavyosema." Alichouliza ni kimoja, nani alikuwa mkalimani. Akasema mtu wa kwetu mwenye akili timamu angejua namna ya kuyafikisha maneno yale, na kama alijua na hakufanya, basi alitumwa. Amekwenda mpaka Kasanda kumuuliza mama. Mama akajibu kwamba siku hizi macho yake hayaoni vizuri, aliona tu kitu kama msichana. Ima, mama anaiokota sindano kwenye majani.

Jumapili iliyopita Mzee Hatungimana alikuwa hapa kwa mkutano wa wenyeviti, akaja kusali. Baba yako alimngoja mlangoni pa kanisa, watu wote wanatoka.

"Umeniuza kwa mkweo," akamwambia. "Ulimweka pale mkalimani wako."

"Bwana Shamba," Hatungimana akasema, "mkalimani alikuwa na Kiswahili kizuri. Zaidi ya hapo sina."

"Mtaje jina."

"Sina zaidi."

Baba yako akamwita jina ambalo siliandiki, mbele ya padri. Mzee wa watu akavaa kofia yake akaondoka. Tangu hapo baba yako, Bwana Shamba mzima wa Kibondo, hakanyagi Kasanda. Mbegu za mahindi za kijiji kile ziko ghalani kwake, mvua imeanza, wenzao Kakonko wameshapanda. Anasema waje wazichukue kwa mwenyekiti wao. Wamekuja mara moja, akasema ghala limefungwa kwa ukaguzi.

Najua unachotaka kufanya. Usifanye. Baba yako sasa hivi anahitaji mtu wa kumchukia, na ni afadhali mtu huyo akae mbali naye kuliko akae mezani kwake. Hatungimana ni mtu mzima, atabeba. Mvua zitapita, na hili litapita.

Maximilla

—

Kasulu,
20 Oktoba 1975

Shangazi,

Shikamoo. Mama namwamkia, na Marcel asizoee sana kitanda chako.

Kitanda cha jirani yangu bwenini analala Esteri, kwao ni Kakonko. Alikwenda kumzika babu yake, amerudi na habari za kampeni. Wagombea wawili wanapandishwa jukwaa moja, Chama kinawazungusha pamoja, akisema huyu, anakaa, asimame yule, na kusema ni Kiswahili tu. Esteri anaigiza vizuri. Alimwigiza Leonidasi, akamwigiza yule wa nyumba, halafu akasema, "Lakini hamjasikia ya yule wa tatu aliyeachwa, ambaye hata mama yake alimkana." Akalia kama mbuzi. Bweni zima likacheka.

Na mimi nilicheka, shangazi. Nilicheka ili wasinitazame. Esteri hajui, hakuna anayejua, maana tangu nije hapa nikiulizwa baba yako ni nani husema ni mkulima wa Kibondo na kuishia hapo. Sikuwahi kumwonea haya. Ni kwamba maneno mengi yananichosha. Lakini usiku ule nilijiona nilivyo: pale uani sikusema mimi ni wa nani, kwa mwalimu nikasema simjui, na bwenini nikacheka. Mara zote hizo ni baba yule yule.

Na nilimfikiria Mzee Hatungimana. Mimi nilimwona ndiye adui. Kumbe amesimama mlangoni pa kanisa akatukanwa, na jina langu analo mdomoni, na hakulitema. Na bibi naye amejifanya kipofu. Na wewe umejifanya hujasikia. Mnanificha wote kama mtungi wenye ufa mnaogopa ukiguswa utavuja. Nashukuru. Lakini watu wa Kasanda hawana mbegu.

Nimemwandikia baba. Barua imeondoka asubuhi kwa basi, hii yako inaifuata. Nisamehe kwa kutokukusikiliza, sijawahi kukukatalia jambo na sikupenda ladha yake.

Nilimwandikia kwamba mkalimani nilikuwa mimi, hakunituma mtu, nilijua bibi ana maana gani na sikusema. Sikuweka visingizio. Nilitaka pia kuacha lile la bibi kuniuliza kama amemsemea vizuri, ila nikaona na hilo ni lake, nikaliandika.

Immakulata

—

Kasulu,
9 Novemba 1975

Shangazi, kura zimepita na sijapata neno, si kutoka kwa baba wala kwako. Kila basi la Kibondo linapofika Sista hugawa barua baada ya chakula cha mchana. Nimeanza kutokwenda kula. Shikamoo.

Ima

—

Kibondo,
25 Novemba 1975

Immakulata,

Marahaba. Nilikaa bila kukujibu kwa kusudi. Nilikukasirikia. Nilikuwa nimeshikilia mlango kwa mabega yangu yote, wewe ukapitia dirishani. Hasira yenyewe ilikwisha wiki iliyopita, ila sikuwa na stempu, usidhani ni vingine.

Mama yako mzima. Marcel amepoteza jino na analionyesha kwa watu. Leonidasi ameshinda, umesikia bila shaka. Baba yako alikwenda kupiga kura mapema, amevaa koti lake lile la mkutano. Hakusema aliweka alama wapi na sisi hatukumuuliza.

Barua yako aliisomea ghalani, amesimama katikati ya magunia. Nilikuwepo, nilikwenda kuomba dawa ya panya. Aliisoma, akaikunja, akaiweka mfuko wa shati, akanipimia dawa ya panya vizuri kabisa. Hakusema kitu siku ile wala siku zilizofuata. Mama yako alidhani anaumwa. Mimi nilimwambia pengine ni malaria, Mungu anisamehe, mimi mtu wa hospitali.

Halafu asubuhi moja Landrova ya kilimo ikasimama mlangoni kwangu, imejaa magunia ya mbegu, baba yako yuko mbele. "Panda," akasema. Njia nzima mpaka Kasanda hakufungua mdomo ila kumwambia dereva apunguze mwendo penye matope.

Hakuanza kwa mama. Alianza kwa Hatungimana. Alisimama nje ya ua wake akapiga makofi ya salamu, ya taratibu, kama anavyosalimiwa mtu aliyekuzidi sana umri na heshima. "Mwakeye," akamwamkia. Yule mzee alimwacha asimame. Alikuwa anatengeneza mpini wa jembe na aliendelea kuutengeneza. Nilihesabu makosa yangu yote ya maisha nikiwa nimesimama pale. Mwisho akaitikia.

"Umechelewa, Bwana Shamba. Mvua imekutangulia."

"Nimechelewa. Nimeleta mbegu, kuna zile za muda mfupi, mkipanda wiki hii zitawahi."

"Weka hapo."

Baba yako hakuondoka. "Ulijua ni mwanangu."

"Nilijua."

"Mbona hukusema pale kanisani? Nilikutukana."

"Ulitaka nimtaje, nikuachie wewe umfanye nini?" Hatungimana akasema. "Wewe mwanamume mzima wamekulilia kama mbuzi ukashindwa kula. Yule mtoto je?" Halafu akaweka mpini chini. "Lakini usinishukuru. Siku ile niliwaona watoto wengine uani. Nilimchagua yeye. Nilijua ana haya, nilijua hatathubutu kuongeza neno wala kusema yeye ni nani. Mkwe ni mkwe, Venanti. Nilifikiri ni mchezo mdogo tu."

Wakatazamana, wazee wawili na magunia. Nilidhani watapigana. Baba yako akainama akaokota ule mpini, akautazama, akasema umepinda. Wakaanza kubishana juu ya mpini.

Kwa hiyo sasa unajua. Ubebe sehemu yako, usibebe na ya Hatungimana. Na hata hivyo hakuna anayejua kama ni mbuzi ndio walioliondoa jina. Karani mmoja wa ofisi ya Chama aliniambia kwamba si wilaya yetu peke yake, hata kwingine aliyeongoza ameachwa. Wengine wanasema walitaka mtu aliyekaa zaidi katika Chama. Wengine wanasema mengine. Baba yako anasema huenda ni wewe, huenda si wewe, na atazeeka bila kujua, na wewe pia utazeeka hivyo.

Tukaenda kwa mama. Alikuwa anapura maharage. Akamtazama mwanawe juu mpaka chini.

"Umekuja, wewe usiyefaa kitu? Wamekukataa hao wakubwa?"

"Wamenikataa, mama."

"Si niliwaambia," akasema. Akacheka, akapiga makofi yake madogo, akamshika mkono. Alipura maharage kwa mkono mmoja mpaka tulipoondoka, ule mwingine haukumwachia. Kama anajua yaliyotokea kwa maneno yake, sijui. Sikuuliza. Na wewe ukija usiulize.

Nilimwambia baba yako nakuandikia, kama ana la kukutumia. Alifikiri mpaka nikadhani amesahau. Akasema hivi, nayaandika kama alivyoyasema, siongezi wala sipunguzi: "Mwambie alitafsiri sawa. Ila siku nyingine aanze kusema yeye ni binti wa nani."

Mpira wa Marcel usisahau.

Maximilla

—

Kasulu,
7 Desemba 1975

Shangazi,

Shikamoo, na shikamoo nyingine kwa baba, hii mfikishie na useme imetoka kwangu.

Mitihani imekwisha. Lori la misheni litatuchukua likizo ikianza, likikwama tutasukuma. Mpira nimeushona upya ulipokuwa unafumuka, Marcel ataniambia nimeuharibu. Homa hakuna. Nakula.

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko vitabu vya mtihani, na matokeo yatasema. Pale aliposema baba huenda ni mimi huenda si mimi, bado panauma. Nilitaka aniambie moja, hata kama ni baya. Lakini nimeona hana la kunipa, naye hakupewa.

Jambo la mwisho, halafu mengine nitakusimulia tukimenya muhogo. Katika kipindi cha mwisho cha siasa, Mwalimu Crispin alirudia somo lile la uteuzi na duara lake. Akauliza kama kuna yeyote anayemjua mtu aliyewahi kuomba. Esteri akanyoosha mkono, nikajua anataka kuanza habari za mbuzi. Shangazi, mkono wangu ulikwenda juu kabla yake. Sijui uliendaje.

Nikasimama. Nikasema naitwa Immakulata, ni binti wa Venanti, Bwana Shamba wa Kibondo, aliyeongoza kwenye mkutano wa wilaya na jina lake halikurudi. Esteri akaweka mkono mdomoni.

Mwalimu akanitazama sana. Nadhani alikumbuka lile swali la mlangoni. Akaniuliza kwa upole, "Na baba yako ni mtu wa namna gani?"

"Si kitu," nikasema. "Maneno mengi. Hata mbuzi hawamfuati."

Sauti haikutetemeka. Mwalimu ni mtu wa Songea, alisubiri niongeze neno. Wenzangu wa huku kwetu, wale wawili watatu wa nyuma, nikawaona wanatabasamu wakiinamisha vichwa. Yeye bado anasubiri.

Sikumtafsiria. Nikakaa.

Binti wa kaka yako,
Immakulata